Acheni Kutuambia Tuwe Makini

Saa nane usiku, Julai 2019, nilikuwa nimeketi kitandani Somanda nikiisoma kwa mara ya tisa fomu ya chuo niliyokuwa nimeshaituma mchana. Nyumba nzima ilikuwa imelala. Simu ilibaki na chaji asilimia sita, na kwenye skrini yake iliyopasuka kona makosa matatu yalikuwa yananitazama.

La kwanza lilikuwa jina la babu. Babu aliitwa Ng'wandu, ambalo kwa Kisukuma ni mbuyu. Kwenye fomu lilisomeka Ngwandu, bila ile alama ndogo. La pili, mkoa niliozaliwa: niliandika Simiyu, wakati cheti changu cha kuzaliwa kinasema Shinyanga. La tatu, namba ya simu ya baba. Tarakimu mbili za mwisho nilikuwa nimezigeuza.

Nilijaribu kurekebisha. Mfumo ukanijibu kwamba maombi yaliyowasilishwa hayabadilishwi. Basi nikakaa macho mpaka jogoo wa jirani alipowika, nikijiambia kwamba miaka sita ya sekondari imekwenda na alama isiyofika hata ukubwa wa punje ya mtama.

Kama umewahi kuomba chuo katika nchi hii, usiku huo unaujua. Unaujua ule mkono unaorudi wenyewe kwenye simu kuangalia tena kitu ambacho huwezi kukibadilisha. Na labda, kama mimi, uliona aibu kumwambia mtu, kwa sababu jibu ulikuwa unalijua: si ungekuwa makini?

Leo nataka kubishana na jibu hilo. Hofu ya usiku ule sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa, na walionifundisha wanaendelea kuwafundisha wadogo zangu kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka.

Tuyachukue makosa yangu moja moja, tuulize ni ya nani.

Sauti ya ng'w Wasukuma tulikuwa nayo kabla kalamu haijafika Usukumani. Waliokuja na kalamu ndio waliohangaika nayo. Babu aliandikwa Mwandu kwenye karatasi za ushirika wa pamba, kwa sababu karani aliona hivyo ndivyo Kiswahili kinavyotamka. Baba, kwenye cheti chake cha ubatizo, ni mtoto wa Ng'wandu. Mimi mwalimu wa darasa la kwanza aliniandika Ngwandu, na tahajia hiyo ikapanda nami madarasa yote hadi kwenye mtihani wa kidato cha nne. Jina uliloandikishwa nalo kwenye mtihani ndilo litakalokaa kwenye cheti. Cheti changu cha kuzaliwa, nacho, kina alama. Familia moja, mbuyu mmoja, tahajia tatu, na hakuna hata moja iliyochaguliwa na mwenye jina.

Kwenye fomu nilianza kwa kuandika kama cheti cha kuzaliwa kinavyosema. Kila nilipoweka ile alama kisanduku kiligeuka chekundu, nikaambiwa niandike herufi tu. Hebu fikiria. Lugha ya taifa inaandika ng'ombe, ng'ambo, ng'ang'ania. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Halafu tunatengeneza mfumo ambao hauwezi kuandika neno ng'ombe!

Baadaye rafiki yangu anayesoma kompyuta alinieleza sababu. Alama ile ndiyo ambayo lugha ya hifadhidata huitumia kufungia maneno. Ikiachwa ipite ovyo, mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza amri zake ndani ya mfumo. Dawa ya tatizo hilo inajulikana miaka mingi na inafundishwa kwa wanaoanza. Kuipiga marufuku alama yenyewe ni njia ya mkato ya fundi aliyechoka. Uchovu wake ndio uliokuwa unanikosesha mimi usingizi.

Sasa mkoa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Mimi nilizaliwa mwaka 2000. Kwenye fomu nikichagua Shinyanga, orodha ya wilaya inayofunguka haina Bariadi. Nikichagua Simiyu, Bariadi ipo, ila cheti kinanikana. Yeyote aliyezaliwa Bariadi, Maswa au Meatu kabla ya 2012 anaijua kona hiyo. Sisi hatukuhama. Mkoa ndio uliohama, na fomu inatutaka sisi tutoe maelezo.

La tatu, ile simu ya baba, ni langu kabisa. Nilikuwa na haraka, bando linaisha. Nalikiri.

Kwa hiyo katika makosa matatu, mawili niliyarithi na moja nililitengeneza. Lakini usiku ule yote matatu nilijihukumia mimi, kwa hukumu moja. Ndiyo kazi ya mahubiri ya umakini: yanachukua historia nzima ya makarani, walimu, mafundi wa mifumo na mipaka ya mikoa, yanaipakia kwenye mabega ya kijana wa miaka kumi na tisa, kisha yanamuuliza mbona anatetemeka.

Mahubiri yenyewe yana hadithi yake. Kuna kijana aliyekosa chuo kwa herufi moja. Hana jina, hana shule, lakini yuko kila mkoa. Nilimsikia kwa mwalimu wa taaluma hapa Bariadi, nikamsikia tena kwa mhamasishaji mmoja Mwanza, na rafiki yangu wa Tanga anaapa kwamba kijana huyo ni wa Tanga. Huwa anasimuliwa kwa sauti ya huruma, na mwisho wake ni methali: mdharau mwiba mguu huota tende. Sawa. Ila sijasikia hata msimulizi mmoja akiuliza ni nani aliyemwaga miiba njiani.

Wala hatuambiwi kwamba nafasi za kukosea zimeongezeka. Kuanzia mwaka 2010 waombaji wa vyuo vikuu walipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Kuanzia 2017 tunaomba chuo kwa chuo. Kuna faida zake, sikatai. Lakini anayeomba vyuo vitatu anaandika jina la babu yake mara tatu, kwenye mifumo mitatu yenye masharti matatu, na analipa ada mara tatu. Mwaka ule wa 2019 bei ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri malipo yao. Chuo nilichoomba kilitoza shilingi 10,000. Hizo ni kilo nane na ushee za pamba, nazo baba alikuwa ameshaziuza bila kuziona fedha zake. Ukiniambia kosa dogo ni dogo tu, kumbuka kwamba kurudia fomu hakukuwa kubofya kitufe. Kulikuwa kwenda kukopa kwa jirani mara ya pili.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kulisema kwa mtu.

Wakati nikisubiri majibu yangu, nilipata kibarua kwenye steshenari moja hapa Somanda, karibu na soko. Kazi ilikuwa kutoa kopi, kuchapa barua, na msimu ule hasa, kujazia watu fomu za vyuo. Siku moja alikuja mama mmoja na binti yake kutoka upande wa Dutwa. Walikuwa wametoka alfajiri. Binti alikuwa na matokeo mazuri, mazuri kuliko yangu. Alikuwa ameandika taarifa zake zote kwenye karatasi ya daftari, mwandiko safi, kila kitu kwa mpangilio. Kama umakini una sura, ulikuwa ule mwandiko.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba. Fomu ilitaka mwezi kwanza, siku baadaye, kama wanavyoandika Wamarekani. Sikuangalia. Niliandika 04 kisha 11, mfumo ukamfanya mtoto wa Aprili, nikabofya kuwasilisha. Nilipochapa nakala ya kumpa, yeye ndiye aliyeliona.

"Kaka, hapa pamekosewa."

Mwenye steshenari alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Kulikuwa na watu watano kwenye benchi. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ndivyo ulivyoniandikia, dada."

Hakubisha. Aliitazama karatasi yake, ambayo ilisema 4 Novemba kwa maneno, kisha akanitazama mimi. Mama yake hakuwa anasoma vizuri. Aligeuka akamwambia mbele ya wale watu wote, "Miaka sita ya sekondari hujui hata kuandika siku niliyokuzaa?"

Binti akaikunja ile karatasi mara nne akaiweka kwenye mfuko wa sketi.

Nimeyafikiria maneno yangu yale kwa miaka sasa. Kwa nini yalitoka haraka hivyo, bila hata kutafutwa? Kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote. Kosa likionekana hutafutiwa mtu wa kulibeba, na mtu huyo huwa ni yule aliye chini kabisa kwenye chumba. Fundi wa mfumo hakuwepo. Chuo hakikuwepo. Bosi wangu alikuwepo, nikamwogopa. Akabaki binti. Umakini wake wote haukumsaidia chochote, maana mahubiri ya umakini hayajawahi kumlinda aliye makini. Kazi yake ni kumpa aliyekosea mahali pa kulitupia kosa lake.

Alirudi steshenari mara nne baada ya siku ile kuangalia kama kuna ujumbe wowote. Kila mara nililipisha shilingi 500 za intaneti. Mara ya tatu aliniambia halali vizuri, kila akifumba macho anaona 04/11. Nilimwambia avute subira. Nikapokea ile mia tano.

Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, lake lilikuwemo. Siku ya usajili, alivyonisimulia kwa simu, karani wa chuo aliangalia cheti chake cha kuzaliwa, akabadilisha tarehe, akamwita anayefuata. Dakika mbili. Wiki zote zile za kutolala ziliisha kwa mtu mmoja aliyetazama karatasi.

Mimi pia nilipata chuo. Ile namba ya baba hakuna aliyeipiga. Jina, kwa upande wa mkopo, lilihitaji nile kiapo mbele ya wakili kwamba Ng'wandu, Ngwandu na Mwandu ni mtu mmoja. Nililipa, nikaapa, nikagongewa muhuri. Babu alikufa bila kujua kwamba alikuwa watu watatu.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa nchi hii imeumizwa na udanganyifu, ndiyo maana mifumo inabana. Ni kweli imeumizwa. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulitaja watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini tafakari ni nani hasa ananaswa na kisanduku kinachokataa alama. Mghushi hakosei tahajia. Mghushi ana kila sababu ya kuhakikisha majina yake yanafanana kwenye kila karatasi, kwa sababu karatasi zote amezitengeneza yeye. Wenye tahajia tatu ni sisi tuliozaliwa, tukabatizwa, tukaandikishwa shule na watu tofauti miaka tofauti. Vyeti vya uongo hunaswa kwa kulinganisha na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na kwa kazi hiyo namba ya mtihani inatosha kabisa. Alama ya ng' haijawahi kumkamata mwizi.

Nitaambiwa pia kwamba waombaji ni wengi mno, vyuo haviwezi kumsikiliza kila mmoja. Sijaomba nisikilizwe. Nimeomba kitufe. Bodi ya Mikopo, ambayo nayo hupokea maombi ya maelfu kwa maelfu, imewahi kufungua dirisha la marekebisho ili waombaji wenye dosari waingie wenyewe na kurekebisha. Kwa hiyo inawezekana. Tunasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi fomu isiyokuruhusu kurekebisha inakunyima hata ile nusu ya pili ya methali.

Na fomu hubadilika ikilazimishwa. Mwaka 2013 mwanamke mmoja wa Hawaii, Marekani, aliikataa leseni ya udereva iliyokata jina lake. Jina lake la ukoo lina herufi 35, pamoja na alama moja inayofanana na hii yetu ya ng'. Leseni ilikuwa na nafasi 35 tu. Alipoambiwa kwamba angeweza kutumia jina la ujanani, alikwenda kwenye televisheni. Serikali ya jimbo lile iliongeza nafasi zikawa 40. Hakuna aliyemfundisha awe makini. Walirefusha kisanduku.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya taifa. Kila chuo kiandike juu ya fomu yake ni kosa lipi linaua maombi na lipi hurekebishwa siku ya usajili. Leo taarifa hiyo wanayo makarani, na sisi tunaipata baada ya kuugua. Marekebisho yawe wazi na ya bure mpaka siku dirisha linapofungwa. Na mifumo ya nchi inayozungumza Kiswahili ikubali kuandika Kiswahili, na lugha nyingine za nchi hii, zikiwa na alama zake.

Kwako wewe uliyetuma fomu jana na unaisoma tena usiku huu, nina maneno machache. Angalia namba yako ya mtihani na mwaka. Hiyo ndiyo inayokwenda kuvuta matokeo yako, na ikiwa sahihi, jina lililoko Baraza la Mitihani linakuja nayo. Angalia kozi ulizochagua, na kama viambatisho ni vyako. Ukikuta kosa hapo, piga simu chuoni kesho asubuhi, usisubiri. Mengine yote yaandike kwenye karatasi moja: kosa ni hili, lilitokea hivi, sahihi ni hii. Iweke pamoja na vyeti vyako kwa ajili ya siku ya usajili. Kisha zima simu. Kosa la kawaida halikui kwa sababu umelala.

Na wewe mwalimu, mjomba, mhamasishaji: kabla hujasema "kuwa makini", ketini kwanza mjaze hiyo fomu nyinyi wenyewe, kwa simu iliyopasuka, bando likikata, mkiwa na shilingi 10,000 za kukopa. Halafu mje mtusimulie habari za mwiba.

Juzi nilimpigia yule binti. Amemaliza chuo, anafanya kazi, ana sauti ya mtu mwenye haraka. Nilimwambia ukweli wote: kwamba karatasi yake ilikuwa sahihi, kwamba nililijua hilo palepale, kwamba nilimwachia abebe.

Alinyamaza kidogo. "Nilijua, kaka," akasema. "Karatasi nilikuwa nayo mfukoni."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya mama? Angekudai hela, bosi wako angekufukuza. Na mimi fomu ingebaki vilevile." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini zile mia tano, kaka, kwa nini ulikuwa unazichukua?"

Sikuwa na jibu. Hakusubiri sana. Alisema mdogo wake wa kiume anaomba chuo mwaka huu, yuko nyumbani Dutwa, anaogopa kutuma. Akaniuliza kama naweza kumpitishia macho fomu yake.

Nimeipokea jana. Namba ya mtihani iko sawa. Tarehe nimeisoma mara mbili, mwezi kwanza, siku baadaye. Nimemwambia atume.